Bodi ya Kujaribu

Kwanza niseme lililo haki yake, nisije nikalisahau hasira ikipanda. Fundi hakunidanganya mwanzoni. Alikuja mlangoni kwangu akiwa amekishika kile kidude kiganjani, kama mtu aliyeokota yai, akasema, "Mama, hii ni ya kujaribu. Haijamalizika. Ikikusumbua niambie, nitaitoa." Aliyasema hayo kwa mdomo wake na mimi niliyasikia kwa masikio yangu. Kama kuna mahakama ya mambo kama haya, na aandikiwe hayo kabla ya mengine yote.

Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, na la saba lenyewe sikulimaliza vizuri. Naandika kila jioni kwa sababu nimezoea, si kwa sababu najua. Jambo hili nimeliandika mara nyingi nikalichana, maana kila nikilisoma naona ama nimemwonea Fundi ama nimejionea mimi. Safari hii silichani.

Ilikuwa miaka ya themanini ikielekea mwisho, Kaloleni, mjini Kisumu. Tuliishi kwenye mstari mmoja wa nyumba za baraza la mji. Ukuta wangu ulikuwa ukuta wa jirani, na mtu akipiga chafya upande huu, upande wa pili wanamwambia pole. Fundi alikaa nyumba ya mwisho na mke wake na watoto. Kazi yake ya redio aliifanya nje ya dirisha, kwenye meza iliyojaa vipande vya waya na spika zilizotobolewa na panya. Nilimpenda. Alikuwa mcheshi, na mikono yake haikutetemeka.

Mimi niliuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni, na watu walinijua kwa gorogoro langu. Gorogoro ni lile kopo la bati tunalopimia. Wapo wauzaji wanaoligonga chini mpaka kitako kinaingia ndani, ukadhani umejaziwa kumbe umepunjwa. Langu halikugongwa. Nalitaja si kwa kujisifu, bali kwa sababu ndilo lililomfanya Fundi anichague, mara ya kwanza na mara ya mwisho.

Lazima nieleze pia redio ilikuwa nini kwetu. Hakuna aliyekuwa na simu. Mtu akifa huko nyumbani, redio ndiyo iliyokuambia. Kila jioni, baada ya habari kwa lugha yetu, ulipigwa muziki kidogo, kisha yakaja matangazo ya vifo. Msomaji alilitaja jina la marehemu, kijiji, siku ya maziko, halafu akaanza kuwasoma wanaopaswa kufika: fulani wa Nairobi, fulani wa Mombasa, fulani wa Kaloleni, Kisumu. Jina lako likisomwa, umeitwa. Hakuna mjumbe mwingine atakayetumwa. Na walionyamaza kando ya redio zao nchi nzima wamesikia kwamba umeitwa.

Kwa hiyo hata mtu aliyekuwa akibania mawe ya redio, yaani betri, asiyeiwasha kwa mpira wala kwa nyimbo, saa hiyo aliiwasha.

Shida ilikuwa jioni yenyewe. Mchana stesheni yetu ilisikika safi. Jua likishatua, vituo vya ng'ambo ya ziwa na vya mbali zaidi vilipanda juu yake. Unasikiliza habari, mara mtu anaimba rumba katikati ya sentensi. Tulifunga waya kwenye kamba ya nguo, tukaigeuza redio huku na huku kama samaki kwenye kikaango. Fundi alikuwa ametengeneza bodi ndogo, upana wa kiberiti, yenye waya mwekundu na waya mweusi. Ukiichomea ndani ya redio, alisema, inaishika stesheni moja na kuwafukuza wengine.

"Kwa nini unaanza na mimi?" nilimwuliza.

"Kwa sababu wewe ukisema chumvi imezidi, imezidi. Wengine hapa wataniambia tamu ili wasiniudhi."

Basi akaifungua redio yangu, akatoboa tundu dogo nyuma kwa ajili ya swichi, akaichomea bodi yake. Jioni ile msomaji wa habari alisikika kana kwamba ameketi kwenye kiti changu. Jirani aligonga ukuta akauliza nimenunua redio gani. Kesho yake watu walibeba redio zao mpaka meza ya Fundi kama wanaobeba watoto kliniki, na baada ya muda mfupi mstari wetu wote ulikuwa na bodi. Hakumtoza mtu chochote. Na hilo pia aandikiwe. Alichotaka ni kwamba asubuhi, akipita, tumwambie redio ilifanya nini jana.

Nyumba moja tu haikuwekwa bodi, nayo ilikuwa ya Fundi mwenyewe. Nililiona hilo. Nilidhani ni vile washona viatu wanavyotembea na soli zilizobanduka.

Halafu nikaona kitu kingine. Redio ikishakaa kidogo na kupata joto, ilianza kuteleza. Haikukatika. Haikukoroma. Ilihama polepole, kama mtu anayeondoka mkutanoni bila kuaga, na ukishtuka unakuta unasikiliza watu wengine kabisa. Siku ya kwanza nilidhani ni mimi nimegusa kifundo cha kutafutia stesheni. Siku ya pili sikukigusa.

Nilimwambia. Alikuwa akipita na kikombe chake cha chai mkononi.

"Fundi, kitu chako kinateleza."

"Inazoea nyumba, Mama. Paa lako linaivuta."

"Mbona ya jirani pia?"

"Paa lenu si ni moja?" Akacheka, na mimi nikacheka.

Lakini aliitoa akaniletea nyingine. Hiyo ilikaa siku kadhaa ikaanza tabia ile ile. Akaleta nyingine tena. Kila iliyokuja aliniambia ndiyo yenyewe. Nami kila mara nilimpa jibu kamili: imeshika mpaka hapa, imeteleza baada ya pale, imerudi nilipoizima ikapoa. Jirani zangu walichoka kujibu, wakawa wanasema tu "iko sawa, Fundi." Mimi sikuchoka. Nilijiona kama mtu mwenye kazi ya maana.

Sasa nifike kwenye jioni yenyewe.

Nilikuwa napika. Habari zilisomwa vizuri, nikasikia salamu za mwisho za msomaji, kisha magitaa yakaanza kama kawaida. Nikasonga ugali nikisubiri matangazo. Magitaa yakaendelea. Wimbo ukaisha, ukaja mwingine. Sikuona ajabu. Ziko jioni ambazo hakuna tangazo, muziki unajaza nafasi. Nikaizima redio nisimalize mawe, nikasema kwa sauti, "Asante Mungu, leo hakuna."

Jirani akajibu kutoka upande wa pili wa ukuta, "Hata huku hakuna."

Asubuhi Fundi alipita kwenye meza yangu sokoni kununua omena. Nilimpimia. Akauliza, kama kawaida yake, "Jana ilikuwaje?"

"Safi mpaka mwisho," nikamwambia. "Na Mungu ni mwema, hapakuwa na vifo."

Aliniangalia. Nakumbuka alikuwa ameshika mfuko wazi, mimi namwagia samaki ndani. Akasema, "Vizuri," akaufunga mfuko akaenda.

Jioni iliyofuata ikawa vile vile. Magitaa, halafu magitaa.

Ilipita siku moja ya soko katikati, kisha akaja mama mmoja wa Kombewa ambaye hutuletea viazi vitamu. Aliponiona alisimama na mzigo wake kichwani.

"Wewe uko hapa?"

"Nitakuwa wapi?"

Aliushusha mzigo. "Jana hukuja kwenye maziko?"

"Maziko ya nani?"

Akawatazama wauzaji wenzangu mmoja mmoja, akitafuta atakayemsaidia kusema. Hakupata. Akaniambia mwenyewe.

Alikuwa mama mdogo wangu, dada yake mama. Mama alipokufa mimi nikiwa mdogo, ndiye aliyenichukua. Alininyonyesha pamoja na binti yake mkubwa, huyu huku na mimi huku. Kupima omena bila kupunja ni yeye aliyenifundisha; alikuwa akinipiga vidole nikilitikisa gorogoro vibaya. Naye alikuwa amekwisha kuzikwa, na mimi nilikuwa nimesimama sokoni nikibishana na mteja juu ya mchanga kwenye samaki.

Kwetu mtu haingii kwenye msiba kimya. Unaanza kulia ukiwa bado barabarani, na waliomo bomani wakikusikia wanatoka kukupokea kwa kilio chao, mnakutana katikati, na kilio kinakuwa kimoja. Nilianza kulia kwenye njia panda ya Kombewa. Nililia nikipita shamba la mtama, nikafika langoni, nikaingia. Hakuna aliyetoka. Wanawake walikuwa wameketi wanasugua sufuria kwa majivu. Turubai lilikuwa limekwisha kuteremshwa. Sauti yangu ilikuwa peke yake uani, nikaisikia kama ya mtu mwingine.

Binti yake mkubwa, niliyenyonya naye, aliinuka na sufuria mkononi.

"Nyaminwa," akaniambia, yaani dada yetu, kwa upole wa kuchoma. "Lia kidogo kidogo. Watu wamechoka."

Nikajaribu kumweleza habari ya redio.

"Jina lako lilisomwa," akasema. "Mara ya kwanza na mara ya pili. Nchi nzima ilisikia. Tulikungoja mpaka mvua ikatishia, kaka zetu wakasema basi."

"Redio yangu ina shida."

"Redio gani? Ile uliyokuja kutusifia hapa Krismasi? Ile ambayo msomaji ameketi kitini kwako?"

Mwanamke mmoja akacheka, akajifunika mdomo. Ndivyo nilivyokuwa nimesema, neno kwa neno. Walinionyesha kaburi. Udongo ulikuwa umekwisha kupasuka juu.

Nilirudi mjini baada ya kunyolewa nywele pamoja na wengine, na hata pale kwenye kunyolewa niliwekwa mwisho. Fundi alikuja kunipa pole. Alisimama mlangoni, hakuketi. Akasema haya ni mambo ya Mungu. Halafu, akitazama chini, akasema ana bodi nyingine mpya, akaniomba redio. Nilimpa. Wakati huo nilikuwa bado namhurumia. Nilifikiri: kitu chake kimeniponza, lakini hakujua, na mimi nilikubali kujaribu.

Kisha mke wake alirudi kutoka Bondo kwa wazazi wake. Alikuwa mtu wa roho nyeupe, sijaona kama yeye. Alikuja na majani ya chai na sukari, akaketi karibu nami, akanishika mkono.

"Niwie radhi sikuja siku ile ile," akasema. "Tulikuwa tunakula. Tuliposikia jina lako nililia. Nikamwambia baba watoto twende tumshike mkono, akasema mwache kwanza, ameshasikia mwenyewe, redio yake inashinda yetu. Na asubuhi na mapema mimi nikasafiri."

Nilimwitikia. Nilimkorogea chai. Alipoondoka nilifunga mlango nikaketi kitandani, nikayapanga mambo yale kama mtu anayepanga samaki kwa ukubwa.

Jioni ile huenda Fundi aliamini kweli kwamba nimesikia. Namwachia hilo. Hata mimi ningeweza kuamini. Lakini asubuhi alisimama mbele yangu, nikamwambia kwa mdomo wangu kwamba hapakuwa na vifo. Kuanzia hapo hakuweza kuamini tena. Alijua mama yangu amelala hajazikwa, alijua mimi sijui, na Kombewa si mbali. Akasema "Vizuri." Akabeba omena zake.

Sitaandika kila nililowaza siku zile. Niliwaza kuichukua meza yake na vyote vilivyomo niitupe ziwani. Niliwaza kuwaambia mstari mzima, wamwendee kwa pamoja. Niliwaza kwenda kwa mke wake nimwambie ameolewa na nani, na hilo niliona haraka kwamba ni ubaya, kwa sababu yeye ndiye pekee aliyelia. Kila njia niliyoiwaza ilikuwa na mtu asiye na kosa amesimama katikati. Nikawa namsalimu Fundi kila siku, namjibu juu ya redio yake, huku moyoni nikiwa kama sufuria iliyofunikwa.

Njia aliileta mwenyewe.

Alikuja amevaa shati la Jumapili siku ya kazi. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye duka la vitu vya umeme mjini, mtu wa pwani kwa asili, watu wake walikuja Kisumu zamani na reli. Mzee alikuwa tayari kuziweka bodi dukani kwake, na kumpa Fundi chumba cha nyuma afanyie kazi. Ilikuwa ni maisha mapya kwa Fundi, kutoka dirishani mpaka dukani. Ila Mzee hakutaka kusikia maneno ya aliyeitengeneza. Alitaka kumsikia aliyeishi nayo.

"Nimemwambia juu yako," Fundi akasema. "Wewe huwezi kusema uongo hata ukitishwa."

"Nitasema ukweli tu," nikamwambia.

"Ndiyo maana nimekuchagua."

Nilimtazama kama ataona kitu usoni kwangu. Hakuona. Alikuwa na furaha.

Nilivaa kitambaa cheusi kichwani, maana nywele zilikuwa bado hazijaota. Tulifika kabla ya duka kufungwa. Mzee alitupa viti, akaagiza chai ya tangawizi, akasema kwa Kiswahili chake kile cha kunyooka kinachonifanya nione aibu na changu, "Karibu, Mama. Tutaiwasha, tuketi nayo mpaka matangazo yaishe. Mimi siamini kitu cha dakika moja."

Fundi akaniangalia haraka. Mimi nilikunywa chai.

Redio iliyowashwa ilikuwa yangu, na bodi ile mpya kabisa ndani. Mzee alitoka kwenda kuswali magharibi, akarudi, habari zikaanza. Nitaandika nilichokuwa nataka. Nilitaka iteleze. Nilitaka iteleze pale pale mbele ya Mzee, na mbele ya wateja wawili waliokuwa wamebaki kusikiliza, nimwone Fundi anavyokigusa kifundo kwa vidole vyake visivyotetemeka, nami niseme, hivi ndivyo ilivyofanya siku ya mama yangu. Nilikuwa nimeliandaa neno hilo. Nilikuwa nimelilamba mpaka likawa laini.

Salamu za mwisho. Magitaa. Nikaweka kikombe chini.

Halafu matangazo yakaanza. Majina ya watu wa Seme, wa Uyoma, wa Alego. Fulani wa Nairobi. Fulani wa Kericho. Sauti haikusogea hata unywele. Nilikuwa nasikiliza misiba ya wenzangu nikiombea sauti ipotee, nikijua kuna nyumba ambamo mtu anaitwa dakika ile ile. Haikupotea. Msomaji akamaliza, akawatakia waliofiwa moyo wa subira, akanyamaza mwenyewe kwa wakati wake.

Fundi alipumua. Na mimi nilijua kwa nini imeshika: kwa sababu ya majibu yangu. Mtu mwingine yeyote pale Kaloleni alikuwa akimwambia iko sawa.

"Haya, Mama," Mzee akasema. "Umeishi nayo. Sema."

Nilisema. Nilisema za kwanza ziliteleza, na kwamba nilimwambia na akazibadilisha. Nilisema alinionya tangu mwanzo kwamba ni za kujaribu. Nilisema hii iliyomo sasa nimekaa nayo tangu nilipotoka matangani, haijateleza hata jioni moja. Kila neno lilinitoka kama jino, lakini lilikuwa kweli, na sikuweza kulipunja. Fundi alikuwa akitikisa kichwa kwa kila neno, anatabasamu, anamtazama Mzee.

Mzee akaichukua redio yangu, akaigeuza, akalitazama tundu la swichi. Akauliza kama mtu anayeuliza saa, "Kwa hiyo wewe nyumbani kwako utabaki nayo?"

Swali hilo sikuwa nimeliandaa. Naapa.

"Hapana," nikasema.

"Umesema inafanya kazi."

"Inafanya kazi."

"Basi ina nini?"

"Haina kitu, Mzee. Aliyeitengeneza, ikiharibika naye akajua, hatakuambia."

Mteja mmoja alichukua tochi yake aliyokuwa ameinunua akatoka. Mzee alimtazama Fundi. "Ni kweli, bwana?" Fundi angeweza kuniita mwongo. Na hilo nampa: hakuniita. Alifungua mdomo, akaufunga, akaanza kukunja waya ambao haukuhitaji kukunjwa.

"Mimi nauza vitu ambavyo siwezi kuvifungua nikaona ndani," Mzee akasema. "Naangalia mtu." Akazirudisha zile bodi nyingine mezani mbele ya Fundi, akabakiza moja. "Hii nitaiweka. Huyu mama siku atakayobadili jibu, njoo tuzungumze."

Nje, Fundi alinifuata nyuma mpaka tukapita soko.

"Ungesema tu ndiyo, Mama. Neno moja."

"Ulisikia jina langu?"

Akatembea kidogo. "Nilisikia."

"Na asubuhi?"

"Wiki ile Mzee alikuwa anakuja kuitazama. Ningekuambia, ungepiga kelele, mstari wote ungezitoa. Nilidhani kuna mtu atakuambia."

"Mtu gani? Ulikuwa umetuziba sote."

Halafu akaniomba nirudi dukani nibadili jibu. Aliomba vizuri, akanitajia watoto wake. Nami nikamwambia nitabadili. Nilikuwa nimekwisha kuona bei yake, na haikuwa bei ya pesa. Aje nami Kombewa. Asimame pale uani, mbele ya dada yangu na wale wanawake wa sufuria, aseme kwa mdomo wake kwamba jina lililosomwa alilisikia yeye, na mimi sikulisikia, na asubuhi alinunua omena kwangu akanyamaza. Basi. Akirudi kutoka huko, mimi naenda kwa Mzee siku hiyo hiyo nami nasema nitakaa na bodi yake mpaka nife. Mdomo wake kwa mdomo wangu.

"Watanila," akasema.

"Mimi walinila."

Akakubali. Tuliagana kukutana steji ya Kombewa asubuhi ya Jumamosi. Nilifika mapema na zawadi ya sukari. Magari yalijaa yakaondoka, utingo mmoja akawa ananiuliza kila mara, "Mama, unaenda ama unatuhesabu?" Jua likapanda mpaka likanichoma kichwa kilichonyolewa. Fundi hakuja. Nilirudi nyumbani nikaimwaga ile sukari ndani ya kopo langu.

Hakuhama mara moja. Alikaa miezi, tukikutana bombani, yeye akinisalimu na mimi nikiitikia. Mstari mzima ulizitoa zile bodi bila mimi kusema neno. Habari za dukani zilifika kabla yetu. Mwishowe alihamia Bondo upande wa mke wake. Mke wake alikuja kuniaga. Alisema, "Umetumaliza, dada," akanikumbatia papo hapo, na mimi sikuweza kumweleza kitu ambacho mume wake hakumweleza. Nasikia Fundi alifungua kibanda huko, anatengeneza na televisheni, ana wateja. Sikumwombea afilisike. Wala sikumwombea mema.

Kuna siku najiuliza kama lile jibu lilikuwa la haki. Niliulizwa kama nitabaki nayo, na kweli nisingebaki nayo. Hapo sijapunja. Lakini nilipolisema nilisikia utamu ulimini, na utamu huo ndio unaonifanya nichane karatasi. Nimelipima hili pande zote na bado sijui. Ninachojua ni kwamba dada yangu mpaka leo, kukiwa na sherehe nyumbani, huwaambia watu mbele yangu, "Huyu mumtumie mtu kwa miguu. Redio hasikii." Watu hucheka. Na yupo mtu Bondo ambaye kwa nauli ya asubuhi moja angeweza kukimaliza kicheko hicho.

Redio ninayo. Fundi mwingine aliitoa ile bodi, nami tundu la nyuma nimeliziba kwa karatasi ya sigara. Jioni inapandiwa na rumba kama zamani, naigeuza huku na huku, siondoki kando yake mpaka jina la mwisho lisomwe.

Mzee wa duka amezeeka, siku hizi wanaouza ni wajukuu, yeye anaketi mlangoni na kofia yake. Ile bodi iko bado kwenye rafu, kati ya tochi na glopu, imeota vumbi mpaka waya mwekundu na mweusi huwezi kuzitofautisha. Nikipita kwenda sokoni hunisimamisha.

"Mama, jibu bado ni lile?"

"Amekuja?" namwuliza.

"Hajaja."

"Basi bado ni lile, Mzee."